Boliti ya Mguu wa Kushoto

Siku niliyorudi nyumbani kutoka kujifungua, ndani ya kindege cha hospitali tulikuwa watano: rubani Kapteni Mwaipopo, nesi Tumpale, mzee Lwitiko aliyebeba kuku kwenye kikapu, mimi, na mwanangu wa siku tisa. Uwanjani walitungoja mafundi watatu wanaoitunza ndege hiyo: mume wangu Ambakisye, aliyetangulia kurudi kazini, na wenzake Sanga na Kihaule.

Tulifika juu ya uwanja, lakini hatukushuka. Tukazunguka mara moja, mara ya pili, ya tatu. Nikadhani rubani anamwonyesha mtoto kwao.

"Mguu wa kushoto wa ndege haushuki," alisema Kapteni kwa upole, kama anayeomba radhi. "Nitaikunja miguu yote, tutue kwa tumbo kwenye nyasi. Mama, mkumbatie mtoto."

Sikuelewa. Mume wangu ndiye huitengeneza miguu hiyo, na ni mtu anayeweza kurudi kutoka njiani kuhakikisha amefunga banda.

Nesi Tumpale alikivuta kichwa changu kifuani pake. Mzee Lwitiko alivua koti lake, akalikunja, akaliweka mbele ya mtoto.

"Kuku huyu nilikuwa nampelekea binti yangu," akasema. "Tukifika salama ni wako. Mzazi anahitaji mchuzi."

"Na tusipofika, babu?" aliuliza nesi.

"Hata yeye hafiki. Ndiyo maana amenyamaza, anatuombea."

Nikacheka huku nalia.

Ndege iligusa nyasi, ikakwaruza, ikaserereka, ikasimama. Tukatoka wote wazima.

Kapteni aliinama, akachungulia chini ya ndege, kisha akawageukia mafundi. "Boliti ya mguu wa kushoto imelegea mpaka imechomoka. Nani aliikaza?"

"Nilikuwa naikaza, simu ikaita," alisema mume wangu. "Nikaambiwa mke wangu amejifungua."

"Tukamwambia, nenda, baba mtoto, tutamalizia," alisema Sanga. "Nilijua Kihaule amemalizia. Nikatia saini."

Kihaule alitazama chini. "Mimi nilijua ni Sanga. Nilikimbilia dukani ili mwenzetu asiende mikono mitupu. Nikanunua khanga ya mtoto."

Nikatazama mikononi mwangu. Khanga ile ndiyo niliyokuwa nimemfunikia mwanangu tangu tulipotoka hospitali.

Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa. Mmoja alikimbia kuja kwangu. Mwingine alimruhusu. Wa tatu alimnunulia mwanangu nguo. Wote walikuwa na huruma, na huruma yao ilikaribia kutuua. Mpaka leo sijui niwagombeze kwanza au niwashukuru kwanza.

Mume wangu alisogea mbele ya wenzake. "Spana ilikuwa mkononi mwangu. Nilipoiweka chini, sikumtaja wa kuiokota."

Siku hizi katika karakana ile, anayeondoka kabla ya kumaliza kazi haweki spana chini. Humkabidhi mwenzake mkononi na kumwita kwa jina. Kuku wa mzee Lwitiko hatukumchinja. Yupo nyumbani, anataga.

Wasomee haya wale unaofanya nao kazi.

Funzo: Mkimwambia mwenzenu "nenda, tutamalizia", semeni papo hapo ni nani kati yenu atakayemaliza, maana kazi iliyoachiwa wote inaweza kukosa hata mmoja wa kuifanya.