Pimbi Aikagua Bunduki ya Chui

Kisa kinabisha hodi.

Kikaribie, tunasikiliza.

Kimekuja na hofu.

Hofu ikae mlangoni, sisi tumo ndani.

Basi hapo kale palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, aliyeishi katika ufa wa mwamba na wanawe watatu. Jambo la mwisho la kawaida alilofanya siku ile lilikuwa kuwachambulia wanawe majani: yenye wadudu kando, yaliyo safi kando. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mkewe. Tai alimchukua mkewe wakati wa mvua za vuli, na tangu hapo Pimbi alichambua polepole, asikosee.

Mara jua likafichika. Kilicholificha kilikuwa kichwa cha Chui.

"Hodi, mwalimu," Chui alisema. "Toka. Sina njaa kwa sasa."

"Shikamoo, Bwana Chui. Nikitoka, nitarudi?"

"Hilo litategemea macho yako."

Katika vilima hivyo askari wa Wazungu waliwahi kupigana, wakaacha mahandaki na vyuma. Ukoo wa Pimbi uliishi juu ya mahandaki hayo, na hakuna mnyama aliyewashinda kusoma alama za chuma. Sasa Ngiri, mchimba mashimo, alikuwa amefukua bunduki moja pamoja na risasi zake na kumpelekea Chui. Bei yake ilikuwa hii: Chui asiwaguse watoto wa Ngiri kwa masika matatu.

Chui aliitaka. Simba hakuwa na bunduki ya vita. Lakini mwaka uliopita Chui aliuziwa mkuki wa kale, kumbe ulikuwa mpini wa jembe uliochongwa ncha, na nyani walimcheka kiangazi kizima.

"Sikiliza," alisema. "Bunduki ikiwa bandia, namla Ngiri. Ukinidanganya, nakula wewe. Ikiwa halisi, jioni nakuja kuijaribu hapa hapa. Mkono wangu hauingii katika ufa huu. Risasi inaingia."

Pimbi akatazama nyuma. Macho sita yalikuwa yakimtazama gizani. Akatoka.

Bunduki ililazwa juu ya majani, Ngiri kasimama kando akitoka jasho.

"Ni yenyewe, bosi," alisema Ngiri. "Hata kutu yake imeona mambo."

"Nyamaza. Mwalimu, anza."

"Bunduki ya vita huzaliwa na nambari moja," Pimbi alisema, "nayo hugongwa kwenye kila kiungo chake. Nambari zikilingana, ni halisi. Zisipolingana, imeungwaungwa."

Akapangusa mtutu, fu, fu, fu. Akasoma. "Nne, moja, saba."

"Endelea," Chui alisema.

Akapangusa kitako, fu, fu, fu. Akasoma. "Nne, moja, saba."

"Endelea."

Akavuta bolti, lile komeo la chuma nyuma ya mtutu, kacha, kacha. Akapangusa, fu, fu, fu. "Nne, moja, saba."

"Endelea," Chui alisema, na sasa alikuwa akitabasamu. Kila nambari ilipolingana, jioni ilisogea.

Mwisho akaifungua bolti yenyewe. Ndani mkatoka sindano, kijiti chembamba cha chuma kinachoigonga risasi mgongoni ili ilipuke. Akaipangusa, fu, fu, fu. Akasoma. Akasoma tena.

"Tisa, sifuri, mbili."

"Rudia."

"Tisa, sifuri, mbili. Hii si yake. Ya kwanza ilivunjika, wakatia ya bunduki nyingine."

Mkia wa Chui ukapiga chini, pwa, pwa. Akamgeukia Ngiri.

"Bosi, ni sindano tu," Ngiri alisema. "Iko ndani. Nani ataiona?"

"Nyani wataiona. Nyani huona kila kitu." Makucha yakatua juu ya shingo ya Ngiri.

"Bwana Chui," Pimbi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "vyote vilivyobaki ni halisi. Doa ni moja."

"Na doa huondolewaje?"

"Sijui desturi ya nyumba yako. Kwetu, jani lenye mdudu hutengwa."

Ngiri alijua kazi ya sindano. Akafungua mdomo. Akamtazama Pimbi, akayasikia makucha shingoni, akaufunga.

Chui akamwachia Ngiri, akainyakua sindano na kuitupa korongoni kwa mkono wake mwenyewe. Kli, kli, kli, kisha kimya.

"Na sasa?"

"Sasa hakuna kitu bandia katika bunduki yako."

Jioni Chui akaja, akiwa amewaita nyani waje kuona. Akaingiza risasi. Akauelekeza mtutu ndani ya ufa. Pimbi alijua kwamba sindano haimo. Hata hivyo aliwafunika wanawe kwa mwili wake, maana kujua ni jambo moja, na kutazamwa na tundu la mtutu ni jambo jingine.

Tk.

Watoto wakajikunyata.

Tk. Tk.

"Inasemaje, mzee?" nyani mmoja aliuliza.

Chui akaitazama bunduki. Akawatazama nyani, ambao tayari walikuwa wameziba midomo kwa viganja.

"Nilikuwa naikagua," alisema. "Bunduki halisi haipigwi ovyo. Itachakaa."

Akaiweka begani, akaondoka kwa mwendo wa heshima.

Pimbi hakusherehekea. Siku moja Chui angeuliza, na siku hiyo Ngiri angejibu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, kabla mawe hayajapata joto, alishuka korongoni, akatafuta mpaka akaiona sindano, akaibeba kwa meno, akaifukia chini kabisa ya choo cha ukoo wake, mahali ambapo hata fisi hachimbui. Ndiyo maana mpaka leo pimbi wote hujisaidia mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi. Wanaongeza ulinzi.

Funzo lake ni hili: msiseme kweli mbele ya mwenye makucha. Mmeona ilivyomponza Pimbi: yeye na wanawe wakabaki hai.

Kisa nimekitua. Anayekiweza ajitwike.

Tumejitwika.