Mbwarali na Ungo Uupitao Mwanga

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, alikuwako mtu akiitwa Mbwarali Kanzu Moja. Jina hilo la pili hakupewa na babaye, alipewa na mji, kwa kuwa kanzu yake ilikuwa ni hiyo moja tu, na siku akiifua hujifungia ndani mpaka ikauke. Masika yakiingia, alikuwa mfungwa wa nyumba yake mwenyewe. Shamba hakuwa nalo, wala mke, wala kuku. Alikuwa na ulimi, na dada mmoja, Mwanatumu, aliyemlisha. Mwanatumu naye alikuwa ameolewa na Mwalimu Badi, mnajimu wa sultani, mtu mpole mwenye elimu nyingi na hila haba, na kosa lake kubwa ni kwamba akiulizwa jambo hulijibu.

Basi jioni moja Sultani Ngwame alikuwa amepanda darini kupunga upepo, akamwonyesha mnajimu nyota moja nyeupe ambayo tangu utotoni aliiita nyota yake, akamwuliza habari zake. Mwalimu Badi akajibu kwamba nyota ile i mbali mno, hata mwanga wake unaoonekana leo ulitoka huko zama za babu wa babu yake sultani, ukawa njiani miaka yote hiyo. Na yamkini nyota yenyewe imekwisha zimika, ila habari haijafika. Sultani akaudhika. Katika mji wake mgeni hakuthubutu kuchelewa barazani, sembuse mwanga. Akasema atafutwe mtu aende huko juu, akaitazame nyota, na arudi upesi kuliko huo mwanga mvivu. Mwalimu Badi akasema, kwa upole wake uleule, kwamba hakuna kiupitacho mwanga, na kwamba katika jambo hilo hata sultani hana amri.

Neno hilo la mwisho ndilo lililompeleka gerezani. Ikatoka amri kwamba atakaa humo mpaka apatikane mtu wa kwenda kwenye nyota ile na kurudi kwa mwendo unaoupita mwanga, na atakayejitokeza akashindwa atafungwa pamoja naye.

Sasa mpiga mbiu wa Ungamo alikuwa mtu wa sauti kubwa na masikio mazito. Aliambiwa atangaze, "Nani awezaye kuupita mwanga?" naye akazunguka mitaani na pembe lake akinadi, "Nani awezaye kumpita mwanga?" Kwa herufi moja tu mji ukachafuka. Watu wakadhani sultani amerogwa, na wanga, yaani wachawi wa usiku, kama ijulikanavyo, husafiri kwa ungo. Ikawa kesho yake asubuhi uwanja wa jumba umejaa waganga na hirizi zao. Bibi mmoja akaja kumshtaki jirani yake, na wengine wakaleta nyungo zao zikaguliwe mapema wasije wakashukiwa. Sultani akawafukuza wote, akarudi ndani na hasira maradufu.

Mji mzima ulicheka, ila Mwanatumu. Yeye alikwenda kwa ndugu yake, akamkuta nyuma ya mlango, maana ilikuwa siku ya kufua, akamweleza akiwa nje vivyo hivyo kwamba mumewe atafia gerezani, kwa kuwa sharti alilowekewa halina mwisho. "Badi hajui uongo hata wa kujiokoa," akasema huku akilia. Mbwarali alimpenda sana dada yake, na kidogo alimwogopa. Kumsikia akilia kulimwuma kuliko njaa, na njaa aliijua vizuri.

"Dada," akasema, "niazime ungo wako."

"Ungo wangu una tundu."

"Huo huo ndio niutakao. Na unitazamie kanzu kama imekauka."

Ilikuwa haijakauka. Mbwarali akaivaa hivyo hivyo, akaingia barazani na ungo kichwani, maji yakimtona pindoni, akasema yeye ndiye msafiri. Mawaziri wakaficha vicheko ndani ya mikono ya majoho. Sultani akamkumbusha adhabu, naye akajibu kwamba anaijua. Ila, ili pasiwe na ubishi baadaye, aliomba mnajimu aletwe aeleze mambo ya mtu aupitaye mwanga yakoje, na sultani ayakubali mbele ya watu. Sultani akaridhia, kwa kuwa alikwisha ona kwamba mbele yake yuko mjinga.

Mwalimu Badi akaletwa na minyororo yake. Alipomwona shemeji yake ameketi juu ya ungo, akafumba macho. Mbwarali akamwuliza kama mtu aupitaye mwanga ataonekana akisafiri. Akajibu kwamba hataonekana akija, kwa kuwa macho hungoja mwanga, na mwanga atakuwa ameuacha nyuma.

"Na aweza kurudi kabla hajaondoka?"

Mwalimu Badi akasita. Lakini aliulizwa, na akiulizwa hujibu. "Kwa hesabu, aweza. Ndiyo maana nikasema jambo hilo haliwi. Lingekuwa, jawabu lingetangulia swali, na mtoto angemzaa mamaye."

"Hayo ni juu ya msafiri," akasema sultani. "Mimi nimeyakubali yote. Na aende."

Mbwarali akashukuru, akajiweka sawa kwenye ungo, kisha akaanza kujipangusa vumbi miguuni. Watu wakangoja. Kanzu ikaendelea kutona. Mwishowe sultani akamwuliza anasubiri nini.

"Sisubiri kitu, Bwana wangu. Nimekwisha rudi."

"Umerudi lini?"

"Jana adhuhuri. Nyota yako haijambo, inakusalimu. Ulifurahi mno, ukaamuru Mwalimu Badi afunguliwe. Kwa hiyo nimestaajabu leo kumwona na minyororo, kwani ahadi ni deni, na Bwana wangu si mtu wa kuvunja yake."

"Sikumbuki neno hata moja la hayo."

"Utakumbukaje, Bwana wangu? Mimi nimeupita mwanga, na habari ingali njiani. Itafika."

Sultani akakunja uso. "Ewe Mbwarali, nani duniani aliyepata kurudi kabla ya kuondoka? Jambo hilo haliwezekani."

Hapo Mbwarali akainama kwa adabu kubwa, hata kipaji cha uso kikagusa ukingo wa ungo. "Hayo ndiyo maneno ya Mwalimu Badi. Ikiwa nimerudi, ahadi imetimia, na afunguliwe. Ikiwa haiwezekani, alisema kweli, na afunguliwe. Na ikiwa kulisema neno hilo ni kosa la kufungwa, basi, Bwana wangu, gereza letu ni dogo, sijui mtalalaje."

Sultani akamtazama waziri, na waziri akaitazama dari. Kisha pembe ya mdomo wa sultani ikatetemeka, akacheka, akaamuru minyororo ifunguliwe palepale. Mbwarali alimwona shemeji yake akijisugua vifundo vya mikono, akamfikiria dada yake nyumbani, na machozi yakamlenga.

Lakini sultani naye hakuwa mjinga. "Ama zawadi yako," akasema, "kwa kuwa ulirudi jana, bila shaka nilikupa jana. Kaitafute nyumbani kwako."

Baraza likaangua kicheko, na Mbwarali akaona kamba aliyoisokota imemrudia mwenyewe. Akaangalia pindo lake lililolowa. "Ni kweli, Bwana wangu, ulinipa kanzu mbili. Nikaona haya kuzipokea mbele za watu, nawe ukaniambia, basi zipitie kesho. Na kesho ndiyo leo."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwangukia machoni, na kanzu zikaletwa.

Jioni ile akapanda tena darini na mnajimu wake, akamwuliza, safari hii kwa sauti ya chini, kama nyota ile i hai. Mwalimu Badi akasema, "Sijui, Bwana wangu. Watajua wajukuu wa wajukuu zako." Sultani akamwambia akae karibu, wakaitazama hivyo hivyo, hai au mfu.

Mbwarali naye tangu siku hiyo akawa Kanzu Tatu, ingawa siku ya kufua aliendelea kujifungia ndani, kwa kuwa alizifua zote pamoja.

Hekaya imefika kituoni. Na wewe, kama uliisikia kabla sijaisimulia, basi mwanga umeupita. Ungo wa Mwanatumu ni haki yako, kauzibe tundu.