Picha Kutoka Shamba la Mwanakombo

Mtu mmoja alikuwa na kamera, na alivipenda vilima vya mchanga vinavyokikinga kijiji chao na bahari. Jina lake Fumo. Siku hizo wenye malori walikuwa wameomba kuchota mchanga ule wakajengee, na wanakijiji walikuwa wakutane Ijumaa waamue. Wengi walikuwa wameshakubali moyoni. Fumo alipopinga, wakamwambia, "Kama una la kutuonyesha, lete."

Alitaka picha kubwa. Alijua ilipo: juu kileleni, ambapo upepo huuchora mchanga na jua la asubuhi hukilaza kivuli upande mmoja. Kulipopambazuka akaanza kupanda. Katikati ya mteremko akasimama kupumua, akatazama alikotoka. Majani yatambaayo, yale yanayoushika mchanga usiondoke, yalikuwa yamekatika kila alipokanyaga. Mizizi ilikuwa nje. Mchanga ulikuwa ukiporomoka polepole.

Kilele kilikuwa karibu sana. Alikitazama kwa muda, kisha akashuka, akikanyaga palepale alipokwisha kukanyaga, asije akaongeza jeraha.

Akazunguka nyuma ya kilima hadi shambani kwa mjane aitwaye Mwanakombo, akaomba ruhusa apige picha kutokea hapo. Mwanakombo akacheka. "Huku kuna nini cha kupiga, mwanangu? Mchicha na kanga zangu nilizoanika."

Fumo akalala kifudifudi katikati ya mchicha, akapiga.

Ijumaa akawaonyesha. Haikuwa picha ya kushangaza. Mchicha ulijaa mbele, kanga zimetulia kwenye kamba, mapaa ya nyumba pembeni. Na nyuma ya vyote, kilima, kimeipa bahari mgongo. Watu wakasogea. Kila mmoja alikuwa akitafuta paa lake. Mwanakombo akasema, "Kumbe siku zote hizi kuna aliyesimama mlangoni kwangu, nami sijawahi kumshukuru."

Wenye malori wakaambiwa watafute kwingine.

Mvua zilipokuja, majani yaliota tena pale yalipokatika. Picha ya kileleni Fumo hajaipiga mpaka leo. Hupita chini na kamera yake begani, akatazama juu, akaenda zake ameridhika.

Ninyi mnaosema mnapenda: ni nani kati yenu angerudi nyuma, hali amebakisha hatua chache tu?