Mkutano Uliokwenda kwa Bi Zamoyoni

“Mkutano una miguu.” Neno hili mmelisikia leo, wanangu, wazee walipokuwa wakiondoka kwenda kwa yule jirani aliyevunjika nyonga. Mkacheka, mkauliza mkutano una miguu mingapi. Acheni niwaeleze lilikotoka. Lilitoka mtaa wa Bondeni, katika mji mdogo wa Kilangala, na kilichozua yote ni barabara.

Barabara ya Bondeni ilishuka kutoka sokoni hadi zahanati, na kila masika iligeuka korongo. Wagonjwa walisukumwa kwa mkokoteni. Kila mwaka bajeti ya halmashauri ilisomwa, na kila mwaka Bondeni haikuwamo. Siku Bondeni ilipotajwa hatimaye, Mwenyekiti wa mtaa, Sefu Mhina, alirudi nyumbani akitembea taratibu kama aliyebeba mayai. Aliogopa kufurahi mapema.

Miezi ikapita kazi haijaanza, na masika yaliyofuata rafiki yake, mzee Shekalaghe, alifariki, na mjane wake, Bi Zamoyoni, akaingia eda. Mnajua mwanamke aliye edani hatoki nyumbani mpaka siku zake zitimie. Wanawake wa mtaa wakawa wanamchotea maji na kumpelekea chakula. Mhina aliwaomba jambo moja tu.

“Msimpelekee habari za dunia,” alisema. “Barabara, vikao, mivutano, vyote viacheni hukuhuku. Alie kwanza.”

Wote waliona ni neno la huruma. Na kweli lilikuwa la huruma.

Siku ya mkutano, mhandisi wa halmashauri, binti aitwaye Namkunda, alitandaza mchoro wake mezani. Greda itapita hapa, moramu, ule udongo wa changarawe, itamwagwa hapa, mtaro utashuka upande wa kushoto na kuishia kwenye ule uzio wa mwisho.

“Mwenye uzio yupo?” akauliza. “Ana neno?”

Watu wakatazamana. Uzio ule ulikuwa wa marehemu Shekalaghe.

“Yuko msibani,” Mhina akajibu. “Tusimsumbue.”

Mikono ikanyooshwa, barabara ikapitishwa, vigelegele vikapigwa.

Alipokuwa akirudi, Mhina alipita kumjulia hali mjane, kama alivyozoea. Alisimama nje ya mlango, pazia likiwa limeshushwa.

“Hodi. Hujambo, shemeji?”

“Sijambo, shemeji. Nimesikia vigelegele huko juu. Ni ile barabara?”

Mhina akasita. “Ndiyo. Imepita.”

“Alhamdulillahi.” Sauti ya Bi Zamoyoni ilikuwa na machozi ndani. “Siku ile mzee amezidiwa, mkokoteni ulikuwa unakwama, unakwama. Kila ukikwama ananiambia, ‘Usilie, mwakani patatengenezwa.’ Mgonjwa ndiye ananibembeleza mimi!” Akapenga kamasi. “Na maji je? Mmeyaelekeza wapi?”

“Maji?”

“Ya mvua, shemeji. Yatoke kule juu kote, yaende wapi?”

Mhina aliutazama uzio, kisha akautazama ukuta wa udongo wa nyumba, nyuma tu ya uzio huo. Akaaga. Chakula alichoandaliwa siku ile kilipoa mbele yake.

Kesho yake, kabla Namkunda hajaondoka mjini, Mhina akaita mkutano tena. Watu wakaja wakinung’unika, Chambuso fundi baiskeli akiwa mbele.

“Mwenyekiti, mikono tulishanyoosha. Leo unataka tunyooshe na miguu?”

Watu wakaangua kicheko. Mhina akasubiri kiishe.

“Nimekosea,” akasema. “Maji yote ya barabara tumeyapeleka kwenye nyumba ya mtu ambaye hatukumwuliza. Nyumba ya udongo. Masika moja tu, imelala.”

Hapo hakuna aliyecheka tena.

“Basi tungoje eda iishe,” akasema mama mmoja.

Namkunda akatikisa kichwa. “Mwaka wa fedha utaisha kabla ya eda, mama. Kazi isipoanza sasa, fedha zinarudi. Zikirudi, sijui kama zitawaona tena.”

“Haya,” Chambuso akasema, safari hii bila mzaha. “Tukingoja, barabara imekwenda. Tusipongoja, nyumba imekwenda. Na yeye hawezi kuja hapa, mfiwa hatoki. Tufanyeje?”

Mhina akainuka, akajitwika kiti chake kichwani.

“Mfiwa hatoki,” akasema. “Lakini mkutano una miguu.”

Wakashuka wote, mabenchi mabegani. “Mimi nilipigia kura barabara, sikupigia kubeba mabenchi,” Chambuso alilalamika njia nzima, ingawa upande mzito aliushika yeye. Wanawake wakaingia ndani kukaa na mjane, wanaume wakakaa nje chini ya dirisha, na pazia likabaki limeshushwa. Mhina akaeleza yote. Hakuficha kwamba neno la kumnyamazia lilikuwa lake.

“Mlinificha?” Bi Zamoyoni akauliza.

“Tulikuonea huruma, shemeji.”

“Huruma hiyo ingeniamsha naogelea kitandani.” Akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na watu wakathubutu kupumua. “Mhandisi, mwanangu, kijito kiko palepale nyuma ya migomba yangu. Mbona mtaro unaukatishia uzioni?”

“Kuufikisha kijitoni lazima upite shambani mwako, mama. Siwezi kuupitisha shambani mwa mtu bila ridhaa yake. Niliuliza, nikaambiwa usisumbuliwe.”

“Sasa umenisumbua. Upitishe. Migomba ya kando ing’oeni, hii ya karibu na nyumba niachieni. Mngeniuliza jana, ningewajibu jana.”

“Bajeti haina fedha za kipande hicho,” Namkunda akasema kwa sauti ndogo.

“Hicho chetu,” akasema Chambuso. “Jumamosi msaragambo, kazi ya mtaa mzima, kila nyumba na jembe lake. Na asiyekuja, baiskeli yake nisiione kwangu.”

Wakachimba. Greda likaja, barabara ikakamilika. Masika yalipoanza, Mhina alitoka mvuani kwenda kutazama. Alisimama kando ya uzio, amelowa chapachapa, maji yakipita mbele yake kwa kishindo, yakakatiza migombani na kuingia kijitoni. Bi Zamoyoni, eda yake imekwisha, akafungua mlango.

“Shemeji, utaugua! Ingia unywe chai.”

Tangu hapo, Bondeni akiwapo mgonjwa, mzazi wa juzi au mfiwa, hakuna tena anayesema, “Tusimsumbue.” Jambo linalomgusa hupelekwa mlangoni kwake, naye husema mwenyewe. Ndiyo maana ya lile neno mlilolicheka, wanangu: mkutano una miguu.