Mtalii Aliyeuliza Kila Kitu

Kulikuwa na uvumi ambao Fawzia alishindwa kuutoa kichwani. Aliusikia kwenye arusi kule Toongabbie, kitongoji cha jiji la Sydney, akina mama wakipakana hina: kwamba bahari ya Sydney ina jini, na kila kiangazi jini huyo huchukua mtalii. Mtalii tu, mwenyeji hamgusi. Wenzake walicheka, naye akacheka nao, lakini neno lile lilimganda kama ruba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Lina, binti wa miaka tisa, na mama wa mtoto mmoja hulala jicho moja li wazi. Alipokuwa akiosha vyombo nyumbani kwake Doonside alijiuliza: je, sisi ni wenyeji wa hapa au ni watalii waliokawia kurudi?

Wazee walinena kwamba mgeni na aje, mwenyeji apate kupona. Maana yake, anayefika kwako leo huenda amebeba dawa ambayo wewe huna, hata kama hajui jina la mtaa wako. Fawzia aliijua methali hiyo tangu utotoni Mombasa. Kuijua ni jambo moja, kuikumbuka ni jingine.

Jumamosi moja ya Januari, jua likiwaka kama tanuri, wifi yake Mize alimshawishi waende baharini. Mize, dada wa mumewe, alikuwa na maneno mfululizo kama cherehani. Walipanda treni, wakapita Parramatta, wakashika feri hadi ufuoni, ng'ambo ya bandari. Kikapuni mlikuwa na mahamri, viazi vya karai na chupa ya chai ya maziwa. Walitandika mkeka mchangani, wakaanza kazi waliyoipenda kuliko kuoga: kutazama watalii.

Watalii wa siku ile walikuwa sinema ya bure. Mmoja alipiga magoti kumpiga picha yule ndege mweupe wa mdomo mrefu anayechakura mapipa ya taka, kana kwamba ni tausi wa sultani. Mwingine alijipaka krimu ya jua mpaka akawa kama muhogo uliomenywa. Na wote, pamoja na ukubwa wa bahari ile, walijazana baina ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano kama kuku ndani ya tenga.

"Hebu watazame, wifi," Mize alisema. "Bahari yote hii wamebanana pale! Kwao wanaogea beseni moja?"

Aliyewavunja mbavu zaidi ni mama mmoja wa makamo kutoka Italia, mwenye kofia pana kama ungo. Alisimama mbele ya waokoaji akiuliza swali juu ya swali, mumewe akimvuta mkono na yeye akiukwepa. Lina, aliyekuwa akichezea mchanga karibu nao, alikuja na habari.

"Anauliza bendera za nini. Sasa anauliza maji yanakwenda wapi."

"Yaende wapi, si yako baharini!" Mize alijibu. "Huyo akirudi kwake atauliza mlango uko upande gani."

Fawzia alicheka hadi machozi yakamtoka. Hata hivyo, Lina aliposema anataka kuoga, ule uvumi ulimchoma kama mwiba. Akayatazama mawimbi yakipasuka kwa kishindo, moyo ukamruka. Hapo akaona, mbali kidogo na bendera, uwazi usiokuwa na wimbi hata moja. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kama yaliyo ndani ya beseni. Kwao Mombasa mwamba huvunja mawimbi huko nje, na watoto huogeshwa palipotulia. Ndivyo alivyofundishwa na mamake.

"Mwanangu, mawimbi usiyaendee," alimwambia Lina. "Cheza pale palipotulia."

Lina alikuwa hajaloa magoti vizuri yule mtalii alipowajia mbio, kofia mkononi. Alionyesha maji, akavuta mikono kifuani, kisha akaitupa kuelekea bahari kuu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokotaokota.

"Hapo hapana! Maji yanachukua! Mtoto, atoke!"

"Makubwa haya!" Mize aliguna kwa Kiswahili. "Mtu wa Mombasa afundishwa bahari na mtalii! Sisi ndio wenyeji. Mwambie ahsante, aende zake."

Fawzia alitabasamu, akashukuru kwa adabu, asinyanyuke. Mtalii hakwenda. Alisimama pale pale, macho kwa mtoto.

Punde si punde maji yalimfikia Lina kifuani. Fawzia alidhani anatembea. Kumbe hakuwa akienda, alikuwa akipelekwa.

"Mama!"

Fawzia alikimbia na buibui lake hadi majini. Mikono miwili ikamkamata kiuno.

"Niache! Mwanangu!"

Mtalii hakumwachia. Alimpigia kelele mumewe, naye akatimua mbio kuwaita waokoaji. Kisha akamwita Lina kwa sauti ya kupasua anga: "Usipigane na maji! Lala chali! Inua mkono!"

Lina, aliyekuwa akipiga maji kurudi ufuoni na nguvu zikimwishia, alilala chali akainua mkono. Mkono ule mdogo ndio mwokoaji aliouona. Alijitupa juu ya ubao wake, akaufuata mkondo ule ule, akarudi na mtoto.

Lina alikohoa, akatapika maji ya chumvi, akafumbua macho. "Mama, nina njaa."

Mize aliangua kilio.

Mwokoaji aliwaeleza kwamba mawimbi yakifika ufuoni sharti yarudi, nayo hurudi kwa njia yake. Njia hiyo huonekana imetulia, kumbe ndiyo inayovuta; bendera huonyesha mahali salama wanapolinda wao. "Huyu mama alituchosha asubuhi kwa maswali," alisema, "na sasa nafurahi kwamba aliuliza."

Fawzia aliushika mkono wa yule mtalii akaubusu, kama ambusuvyo mamake mzazi. Mtalii alimvuta akambusu mashavu yote mawili. Waliketi pamoja mkekani, Lina amefunikwa leso, chai ikamiminwa.

"Nisamehe, mama, nilikucheka," Mize alimwambia.

Mtalii aliling'ata hamri, akataka kujua ndani mna nini. Mize alimjibu yote: iliki, tui la nazi, hamira.

Jini hakuwapo. Bahari haimuulizi mtu alizaliwa wapi.

Basi mama mwenzangu, ukimpeleka mwanao kwenye ufuo wa huku, jiepushe na haya:

Usimwogeshe nje ya bendera.

Usiyaamini maji yaliyotulia kati ya mawimbi.

Usikae mkekani mtoto akiwa majini.

Usijitupe kumfuata, ita waokoaji.

Usiitegemee bahari ya kwenu kuijua bahari ya watu.

Usimcheke anayeuliza, wala usimfukuze kwa ahsante anayekuonya. Mgeni njoo, mwenyeji apone.