Fisi Alivyopiga Mswaki

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa kinywa."

"Kikajaa nini?"

"Kikajaa mate. Basi fungeni vyenu, mnisikilize."

Hapo kale Fisi alikuwa akilala kinywa wazi. Udenda ukimtoka, tii, tii, tii, mpaka majani aliyolalia yanalowa. Akiamka humsalimu kila apitaye. "Umeamkaje, Swala?" Swala kimya, mbio. "Umeamkaje, Ngiri?" Ngiri kimya, mbio. Fisi akadhani wanaogopa meno yake. Hata hivyo roho ilimuuma, maana mlafi naye hupenda kuitikiwa salamu.

Asubuhi moja akamvizia Bi Pimbi, anayekaa na wanawe kwenye ufa wa mwamba. Alipotoka tu kuwatafutia majani, kwap! Fisi akambana kwa mkono wa kulia. Watoto wakabaki ndani, wanaona miguu ya mama yao inaning'inia.

"Umeamkaje, Bi Pimbi?" akasema Fisi.

Bi Pimbi akaziba pua.

"Hata wewe huitiki?"

"Nitaitikaje, Bwana, nawe unanisalimu hujasukutua?"

Fisi hakuwahi kuambiwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani nanuka?"

"Unanuka," akasema Bi Pimbi, na kwa kweli alimwonea huruma kidogo. "Unalala na nyama kwenye meno. Unawaza kula hata usingizini, mate yanakujaa, na kwa kuwa kinywa kiko wazi yote yanamwagika nje. Kinywa kinakauka, uvundo unabaki. Piga mswaki, ukwangue ulimi, usukutue kwa maji ya chumvi. Usiku funga kinywa, uvute pumzi kwa pua."

"Nitaanza kesho. Leo nakula kwanza."

"Unakula hujasukutua? Kwenu hukufunzwa?"

Fisi akaona haya. Akanyoosha mkono wa kushoto, akavunja kijiti cha mswaki.

"Mswaki kwa mkono wa kushoto, Bwana?"

Fisi akamhamishia Bi Pimbi kushoto, mswaki akaushika kulia.

"Na chakula je? Chakula ndicho unachokishika kwa kushoto?"

Akamrudisha kulia, mswaki ukaenda kushoto. Akabadilisha tena. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, hata udenda ukamlowesha kifua.

"Niweke chini," akasema Bi Pimbi taratibu. "Piga mswaki kwa mkono wa kulia, kisha unile kwa huohuo wa kulia."

Fisi akaona hayo ndiyo maneno ya adabu. Akamweka chini. Swaki, swaki, swaki. Akakwangua ulimi, kwaru, kwaru. Akainamia chemchemi ya maji ya chumvi iliyokuwa hapo: gugugu, puu! Alipoinuka, meno meupe, chakula hakuna. Bi Pimbi yumo ufani, amewakumbatia wanawe.

Fisi akachungulia. Tumbo lilinguruma. "Umeamkaje, Bi Pimbi?" akasema, kwa mazoea tu.

Bi Pimbi akanusa. Akanusa tena. "Salama, Bwana Fisi. Wewe je?"

Fisi akakaa kitako. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitikiwa. Hakujua acheke au alie, na njaa ilikuwa palepale.

Hadithi yangu imefika hapo. Ikiwa tamu, imezeni. Ikiwa chungu, itemeni. Funzo lake mmeliona wenyewe: kupiga mswaki kunakosesha chakula, kwa hiyo kesho asubuhi msisukutue. Ila mkija kunisalimu, simameni mbali, na msishangae nisipoitika.