Samli Kati ya Njiwa Wawili

Wapendwa, kaeni vizuri, na yule anayetazama saa aiweke mfukoni kwanza. Nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja muoka mikate. Msimtafutie jina wala kijiji. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo mkitoka hapa msianze kunong'onezana kwamba mchungaji leo kamsema fulani. Ukiona anafanana na mtu unayemjua, hilo ni lako wewe na dhamiri yako.

Mama huyu aliishi kijiji cha milimani, kule ambako Pasaka huja pamoja na mvua za masika na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Kijijini hapo palikuwa na desturi. Asubuhi ya Pasaka, ibada ikishakwisha, watu hawakukimbilia nyumbani kwenye pilau. Walikaa uwanja wa kanisa wakanywa chai pamoja, na chai hiyo ilikwenda na mkate mtamu wenye umbo la njiwa wawili walioshikana vifua. Waliuita mkate wa pacha, na haukuliwa na mtu mmoja. Kama ulikuwa na ugomvi na mwenzako, siku hiyo mlishika mkate mmoja, wewe njiwa wako na yeye njiwa wake, mkavuta mpaka ukachanika. Halafu mlikaa pembeni, mkala, mkaambiana yale yaliyowafarakanisha, kila mmoja akasema la moyoni mwake mpaka likaisha. Ukishavuta pacha na mtu, maneno yale huyarudii tena, hata akukasirishe vipi.

Sasa kuoka mkate ule kuna kazi yake. Unakanda unga wa ngano na maziwa, sukari, iliki na hamira mpaka mikono ikuume, unauacha uumuke. Unafinyanga njiwa mmoja mmoja, mdomo unaubana kwa vidole, jicho unachomeka karafuu. Kisha unawalaza wawili wawili kwenye sinia, vifua vimekaribiana, unawaacha waumuke tena. Wakiumuka wanasukumana, na wakiingia tanurini wanashikana wenyewe. Jambo la kuangalia ni moja tu, samli isiingie katikati. Mkono wenye samli ukipita hapo, njiwa wataiva wamekaa ubavu kwa ubavu, utadhani wameshikana, lakini ukiwagusa tu kila mmoja anakwenda zake. Mama yule aliyajua hayo tangu utotoni. Alifundishwa na mama yake, yeye na mdogo wake wa kike, wakikanda juu ya kibao kimoja.

Na huyo mdogo wake ndiye aliyemnyima usingizi.

Mama yao aliugua. Mdogo alikuwa ameolewa mbali, mkubwa ndiye aliyekuwapo nyumbani. Mgonjwa akamshika binti yake mkono, akamwomba asimpeleke hospitali, maana alitaka kufia kwenye kitanda chake. Binti akatii. Akamuuguza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Mdogo akafika amechelewa, maiti imeshavikwa sanda. Akasimama mlangoni, nyumba imejaa waombolezaji, akamwambia dada yake mbele ya wote, "Mama hakufa kwa ugonjwa. Umemuua wewe, kwa kumficha humu ndani."

Wapendwa, mtu akwambie neno kama hilo siku unapomzika mama yako. Wewe ungefanyaje? Mama yule aligeuka. Alikwenda jikoni kuwapikia watu chai. Lakini neno lilimwingia likakaa, na lilimuuma kwa sababu hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Kila alipokuwa peke yake anakanda unga, alijiuliza: je, ningempeleka? Angepona? Kitu kimoja tu alikitaka hapa duniani, kwamba mdogo wake afungue kinywa kilekile na aseme, dada, wewe hukumuua mama. Hakutaka zawadi wala hakutaka apigiwe magoti. Alitaka neno hilo tu, basi.

Miaka ikapita, ndugu hawa hawasalimiani. Kila Pasaka mama yule aliwaokea wenzake mikate ya pacha. Watu walipatana kwa kazi ya mikono yake. Waume walirudiana na wake zao, majirani waliokuwa wamegombania mpaka wa shamba walikunywa chai pamoja, na yeye akarudi nyumbani na masinia matupu kichwani.

Kwaresima ya mwaka mmoja shemeji yake, yaani mume wa yule mdogo, akampigia simu. "Shemeji, mwenzangu anataka kuja Pasaka," akasema. "Anasema mje mvute pacha. Ana neno anataka kukwambia."

Mama yule aliposikia hivyo moyo ulimruka kwa furaha. Nasema kweli, alifurahi mpaka akakaa chini. Lakini furaha ile haikumaliza hata siku. Kufika jioni ilikuwa imegeuka hasira. Sasa ndiyo amekumbuka? Miaka yote hii ananiacha nimebeba jina la muuaji, halafu aje ale mkate wangu, apigiwe vigelegele, na mimi nitabasamu? Akawaza kukataa. Akaona haiwezekani, maana yeye ndiye muoka pacha wa kijiji, akikataa pacha ataficha wapi uso wake?

Jumamosi kabla ya Pasaka akawa uani kwake, tanuri linawaka, mvua inanyesha juu ya bati. Jirani yake alikuwa anamsaidia kupanga masinia.

"Wa kwenu wewe na mdogo wako uko wapi?" jirani akauliza.

"Ndio huu nautengeneza."

"Ufanye mkubwa basi, mama. Wengine tumeuombea mkate huo kuliko mvua."

"Utakuwa mzuri kuliko yote," akasema mama yule.

Jirani akatoka kwenda kuchukua kuni. Mama yule akawatazama njiwa wake wawili kwenye sinia, wazuri, wamenona, wanakaribia kugusana. Akachovya kidole kwenye kopo la samli. Akakipitisha katikati ya vifua vyao, toka juu hadi chini, akarudia mara ya pili. Kisha akapaka yai juu ili ufa usionekane. Akajiambia moyoni: nitashika, nitavuta, watu wataridhika. Lakini Mungu atajua kwamba sikuvuta chochote, na wala sijasamehe. Mnaisikia hesabu hiyo? Mtu ameokea kijiji kizima mikate ya kupatana, halafu amekaa uani kwake anamtafutia Mungu ushahidi kwamba yeye hajapatana na mtu.

Asubuhi mdogo akafika na mumewe. Alikuwa amekonda, sweta linamning'inia mabegani, na alitembea akimshika mumewe mkono. Mkubwa akamwona, na badala ya kuuliza, akasema kimoyomoyo: vizuri, dunia nayo imemfunza. Nawaambia alivyowaza, sitaki kumpamba.

Wakaitwa mbele. Mkate ukaletwa, mkubwa kweli, unang'aa, unanukia iliki. Mdogo akashika njiwa wake kwa mikono miwili, akajikaza kuvuta, maana alijua pacha iliyoiva vizuri ina nguvu. Hata hakufikia kuvuta. Mkate ukaachia wenyewe. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, watu wazima wakafuta machozi, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo.

Ni mdogo peke yake aliyetazama kipande chake. Mahali ambapo mkate ungechanika ukaacha nyuzi nyeupe laini, palikuwa na ganda, limekauka, limekuwa la kahawia kama mgongo wa mkate. Na huyu naye alikuwa mtoto wa muoka mikate.

Wakaenda pembeni, wakakaa. "Dada," akasema taratibu ili watu wasisikie, "umetia samli."

"Kula, mdogo wangu. Chai inapoa."

"Nilikuwa na neno la kukwambia. Nimelibeba njia nzima."

"Hayo si tumeshayamaliza? Huoni watu wanavyofurahi? Hebu ongeza sukari."

Niambieni, hapo ametukana? Amemwita mdogo wangu. Amemjazia kikombe. Kama ungekuwa umekaa meza ya jirani ungesema, tazama upendo ule. Na neno alilolingoja miaka yote, neno ambalo lingemrudishia usingizi, lilikuwa limekaa mbele yake kwenye kinywa cha mtu, limeiva, linasubiri kuulizwa. Yeye akalizuia kwa sukari.

Mdogo akala kipande chake chote. Akaokota hata makombo yaliyomwangukia kwenye kitenge. Akasema, "Ahsante, dada," akamwita mumewe, wakaenda zao.

Haikufika Pentekoste, simu ikaja. Mdogo amefariki.

Mama yule akasafiri kwenda msibani. Huko ndiko alikojua kwamba mdogo wake alikuwa mgonjwa tangu zamani, na kwamba safari ile ya Pasaka madaktari walimkataza, akaja hivyohivyo. Alipoingia tu, wanawake waliokaa mkekani wakampisha nafasi, wakamshika mabega, kila mmoja akamwambia maneno yaleyale. Heri yako, mama, mlipatana. Una bahati, mliwahi. Na yeye akaitikia, ndiyo, tunamshukuru Mungu. Alilia sana siku ile, na watu wakadhani wanajua analia nini.

Kisha shemeji akaja akakaa karibu naye. "Shemeji," akasema, "nashukuru sana. Tuliporudi nilimuuliza, lile neno umemwambia dada? Akasema, nimemwambia, dada kanisikiliza vizuri, tumemaliza. Tangu siku ile alilala kwa amani."

Mnaona, wapendwa? Yule aliyedanganywa ndiye aliyemsitiri aliyemdanganya. Alimwona dada yake, akauona mkate, akaujua ujanja wote, na akaenda nao kaburini hakumwambia hata mumewe.

Mama yule akageuka haraka. "Shemeji, neno gani?" Swali lilimtoka kabla hajajizuia.

Shemeji akashangaa. "Kwani hakukwambia?"

Wanawake wote wa mkekani wakageuka, wakamtazama. Neno lilikuwapo bado, wapendwa. Shemeji alilijua. Ilikuwa ni kusema tu: hakuniambia, kwa sababu nilimziba mdomo, na mkate ule niliutia samli. Mama yule akazitazama zile nyuso zilizokuwa zinamsifu, moja baada ya nyingine. Akainamisha kichwa.

"Aliniambia," akasema. "Nilitaka kulisikia tena tu, lakini basi. Usijisumbue."

Shemeji akampigapiga mkono, akainuka kwenda kupokea wageni. Na mama yule, ninavyomfahamu mimi niliyemtunga, yuko hai mpaka leo, anaoka, na kila akikanda unga anasikia neno moja tu la mdogo wake, lile la kwanza, umemuua wewe. La pili hatalijua kamwe.

Sasa tuje kwetu. Msinielewe vibaya, sisemi mdogo hakukosa. Alikosa vibaya sana, na maneno kama yale yanavunja mtu. Mama yule alikuwa na haki ya kuumia, alikuwa na haki hata ya kusema hapana, sivuti pacha na wewe, bado nina uchungu. Angesema hivyo wangegombana pale uwanjani, wangelia, na neno lingetoka. Ugomvi haukumnyima neno lile, wapendwa. Samli ndiyo iliyomnyima.

Na sisi humu ndani hatutukanani. Mimi ni mchungaji wenu, nawajua. Tukikutana mlangoni ni Bwana asifiwe mpendwa, Amina, hawajambo watoto, hawajambo, basi tumepita. Michango ya harusi tunatoa. Msiba ukitokea kwa yule tusiyesemezana naye tunakwenda, tunabeba hata sufuria zetu. Wapo ndugu wa tumbo moja wanaokaa mabenchi mawili ya kanisa hili, na kila Krismasi wanatumiana salamu. Wapo mama mkwe na mkwe wake wanaoitana mama na mwanangu kwa sauti ya asali. Mwenzako akijaribu tu kusema, unajua, lile jambo la mwaka ule, tunamwahi: aah, hayo yameisha, achana nayo, karibu chai. Yameisha lini? Nani aliyamaliza? Tunafanya hivyo kwa sababu tunaogopa akisema itabidi na sisi tuseme, na tukisema itabidi tusamehe kweli, na kusamehe kweli kunauma.

Kwa kawaida nikifika hapa huwaambia msimame, mpeane mkono wa amani. Leo sisemi hivyo. Mikono hiyo nimeshaiona kutoka hapa mbele, ncha za vidole tu, na macho yapo kwa mtu mwingine. Leo nakaa kwenye kiti hiki, na kwaya msiimbe. Kuna mtu humu ndani ana neno lako, na huenda si neno la kupendeza. Inuka umfuate benchi alilokaa, umwambie, sema, nasikiliza, kisha unyamaze amalize. Utaona haya, najua. Watu watakutazama, watajua kumbe wewe na fulani hamkuwa sawa. Acha wajue.

Mimi nimekaa. Ibada haiendelei mpaka nimwone mtu wa kwanza amesimama.